Kulia kwa Nani

Tarehe 9 Januari

Dada yangu mwenye mkasi,

Salamu nyingi kutoka huku kwa wenye mikia. Natumaini u mzima wa mwili na wa ulimi, hasa ulimi, maana wewe ukinyamaza ndipo mimi napata wasiwasi. Sisi huku wazima. Wifi yako anakusalimu na anasema nikuambie kwamba nimenenepa, ili usiseme umefichwa. Goti langu linalia kama mlango mbovu, lakini kila siku linafika kazini pamoja na mimi.

Uliniuliza kama kweli mtu mzima wa miaka hamsini na mbili anaamka asubuhi, anavaa koti jeupe, anakwenda kuwabadilishia panya maranda ya kulalia. Ndiyo, dada. Mwaka wa kumi na moja huu. Ngoja basi nikueleze kazi yenyewe, maana ukoo mzima unadhani nafuga panya kwa sababu nilishindwa kufuga kuku.

Ukijichoma sindano, kidole kinavimba, kinakuwa chekundu na cha moto. Uvimbe huo si adui. Ni askari wa mwili, wamekuja kupambana na uchafu ulioingia. Wakimaliza wanatakiwa waondoke. Daktari wetu wa maabara (ni mdogo kwangu kwa miaka kumi na mitano, lakini akipita nasimama wima) ana swali moja tu maishani: ni nani anayewaambia waondoke? Anaamini ipo jeni, yaani agizo moja kati ya yale tunayorithi kwa baba na mama, inayofanya kazi ya breki. Kwa hiyo tuna ukoo wa panya ambao baadhi yao wanazaliwa breki hiyo ikiwa imeharibika. Hao, bila kuchomwa na kitu, wakifika wiki ya nane wanaanza kuvimba viungo vya miguu. Ndugu zao wa tumbo moja, wenye breki nzima, wanarukaruka tu.

Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Hapo ndipo ninapoingia mimi. Panya akifika wiki tatu namtoboa sikio kwa koleo dogo. Katika kila kizimba, tundu sikio la kulia ni namba moja, la kushoto ni namba mbili, yote mawili ni namba tatu, asiye na tundu ni namba nne. Kile kipande cha sikio, au kwa namba nne ncha ya mkia, kinakwenda kupimwa jeni. Baadaye mpimaji wetu, binti asiye na mchezo, anapima unene wa miguu bila kuambiwa nani ana breki na nani hana, asije akaona kile anachotaka kuona.

Sasa habari yenyewe. Tangu Desemba, baadhi ya panya wasio na breki wamekataa kuvimba, na wengine wenye breki nzima wamevimba. Daktari hatulii kwenye kiti. Anasema huenda ipo breki ya pili ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Mwishoni mwa Machi atakwenda kuisimulia mbele ya wataalamu wenzake. Aliniambia, "Mzee, umelea panya wa kihistoria." Nimetembea siku tatu kama niliyewazaa mwenyewe.

La mwisho. Barua yako iliyopita ilikuwa na herufi kubwa kama za darasa la kwanza. Ni macho au ni haraka? Ndiyo maana nang'ang'ania barua. Kwenye simu sote tunasema salama tukakata, lakini mwandiko haujui kudanganya.

Mdogo wako,
Mashavu

*

Tarehe 2 Februari

Mdogo wangu Mashavu,

U hali gani wewe na goti lako? Mimi sijambo. Usishtuke kuona mwandiko mzuri namna hii, si wangu. Ni wa Fundi Viatu, jirani yangu wa mlango wa pili. Nimemwomba aniandikie kwa sababu kazi zimenizidi na mikono imeshika nguo. Nimemwambia aandike ninachosema na asiongeze kitu.

(Mimi Fundi Viatu naongeza kitu. Hana nguo mkononi. Amekaa tu, na mikono ameificha chini ya meza.)

Barua yako nimeisoma mara mbili. Nimefurahi kwamba hatimaye katika ukoo wetu kuna mtu wa kihistoria, hata kama ni panya. Msalimie wifi yangu, mwambie sikufichwa, picha mliyonitumia ilitosha.

Lakini kuna jambo sijalielewa. Unasema tundu sikio la kulia ni namba moja. Kulia kwa nani? Kwako au kwa panya? Usinicheke. Mteja akisimama mbele yangu nimpime, mkono wake wa kulia uko upande wangu wa kushoto. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi sikulijua hilo. Nikamshonea mwalimu mmoja shati lenye mfuko wa kalamu kifuani kulia, na mwaka mzima akawa anajipapasa kifua kama mtu aliyepoteza moyo. Tangu hapo, mimi kabla sijagusa chaki nauliza kwanza, kulia kwa nani.

(Mimi tena. Jana aliangusha mkasi mara tatu. Asubuhi vidole vyake havikunjiki mpaka saa nne. Vifundo vimevimba na ukivigusa ni vya moto. Anasema ni uchovu wa msimu wa sare za shule, lakini yalianza mwaka jana, sare hazijafikiriwa. Sasa ananiuliza mbona naandika kirefu hivi. Nimemwambia neno panya lina herufi nyingi.)

Ule vizuri, si sana.

Dada yako

*

Tarehe 10 Februari

Dada,

Nakusalimu kwa heshima, na leo sitaki utani. Wifi yako mzima. Mimi sijui nisemeje.

Nilipofika kwenye "kulia kwa nani" nilicheka. Wifi yako alikuwa anasoma juu ya bega langu, akadhani unaniuliza nitakwenda kulia kwa nani, akasema jibu analo, ni kwake, kila siku. Tukacheka wote. Kesho yake nikiwa na panya mkononi, kicheko kikaniishia.

Miaka kumi nimemshika panya mgongo wake ukiwa kwangu. Kulia kwake ndiko kulia kwangu. Oktoba nikapewa miwani mipya, ile ya sehemu mbili, ambayo nikiinamisha kichwa naona sakafu inapanda kunisalimu. Ili nilione sikio vizuri nikaanza kumgeuza panya anitazame. Tukawa tunatazamana uso kwa uso, wazee wawili wenye masharubu. Na mimi nikaendelea kutoboa kulia kwangu. Namba moja wote wakawa namba mbili, na namba mbili wote namba moja. Mpimaji anasoma kulia kwa panya, kama inavyotakiwa. Namba tatu na namba nne kosa halikuwagusa. Nimefungua daftari, na hao peke yao ndio wanaofanya kama Daktari alivyotarajia tangu mwanzo.

Hakuna breki ya pili, dada. Kuna miwani.

Sijamwambia. Asubuhi namkuta ameshafika, anachora michoro ya safari yake, anaimba kwa pua. Nafungua mdomo, halafu najisikia nikimuuliza kama maranda mapya yameletwa.

Sasa wewe. Fundi Viatu ameniandikia mambo, na usimgombeze. Nimeona viungo vya namna hiyo kwa miaka kumi na moja. Panya hawashoni sare, dada, na bado wanavimba. Mwili umejiwashia moto na hakuna wa kuuambia basi. Moto huo haupumziki kwa sababu wewe umepumzika. Ukiwahiwa unapozwa, ukiachwa unaingia kwenye mfupa, na kilichopinda kinabaki kimepinda. Mimi si daktari, mimi ni mbadilisha maranda, lakini nakuomba uende hospitali. Nenda wiki hii, usingoje mteja fulani amalize harusi yake.

Mdogo wako,
Mashavu

*

Tarehe 21 Februari

Mashavu,

Salamu zako nimezipokea. Fundi Viatu nimemgombeza, na anaandika barua hii akiwa ameonywa.

Mikono hii ina miaka thelathini kwenye cherehani. Nikienda kwa daktari atasema niache kushona. Unajua atasema. Nisiposhona mimi nitakuwa nani? Yule mama anayekaa kwenye kiti mlangoni, anauliza wapita njia wanakwenda wapi? Wewe una maneno, una panya, una mke wa kukusema. Mimi nina hii mikono, na sitaki mtu aitazame halafu atikise kichwa.

Tena nimekuona. Unanituma kwa daktari wangu na wewe wa kwako unamkimbia. Kosa lako limelala kwenye daftari, langu limelala kwenye vidole, na sote tunauliza habari za maranda. Basi tufanye hivi. Siku utakayomwambia daktari wako, mimi nitakwenda kwa wangu. Wewe uanze, kwa sababu mimi ni mkubwa, na ni mimi niliyekufundisha kufunga kamba za viatu.

Na unijibu jambo moja bila kuzunguka. Hao panya mwisho wao ni nini?

(Nimeonywa. Sina la kuongeza, isipokuwa leo ufunguo ulimshinda kuuzungusha. Nilimfungulia duka, akanikemea kwamba nachelewa kufungua la kwangu.)

Dada yako

*

Tarehe 19 Machi

Dada yangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama kuliko ilivyoniacha. Nimechukua karibu mwezi mzima kukujibu, na huo ndio urefu wa uoga wangu.

Mara nne nilifika mlangoni kwa Daktari. Mara ya kwanza nikarekebisha bawaba, ambayo haikuwa na kasoro. Ya pili alikuwa na wageni, namshukuru kila mgeni. Ya tatu aliniona, akanipa chai, nikainywa nikaondoka. Juzi nilibeba panya. Nilijua nikiwa na panya mkononi siwezi kukimbia.

Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Ikapotea yote, ikabaki ile ya kwako. Nikasema, "Daktari, kulia kwa nani?"

Akaacha kalamu. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Mzee, nani analia?"

Basi nikamgeuza panya anitazame, nikagusa sikio. Nikamgeuza anipe mgongo, nikagusa sikio. Dada, niliona uso wake ukitembea miezi mitano nyuma, mwezi mmoja baada ya mwingine, mpaka ukafika Oktoba ukakaa. Akachukua ule mchoro mkubwa wa safari akaulaza kifudifudi mezani.

Akaniuliza nimejua lini. Nikamwambia wiki tano zilizopita. Kisha akasema, "Kosa la sikio nimeshalisamehe. La wiki tano sijui nitalisamehe lini."

Safari ameiahirisha. Hakunifukuza. Nimepewa panya mia moja na kumi na wawili niwakate upya kipande cha sikio, mmoja mmoja, mpimaji akiwa amesimama pembeni yangu mikono nyuma kama msimamizi wa mtihani.

Uliniuliza mwisho wao. Hawafi kwa uzee, dada. Siku ikifika wanalazwa kwa dawa na hawaamki, viungo vyao vikatazamwe ndani. Ninayewabeba kwenda huko ni mimi. Sijazoea, na Daktari aliniambia zamani kwamba siku nikizoea nimwarifu, anihamishe. Hilo ndilo linalonichoma zaidi ya aibu. Wapo arobaini walioondoka tayari wakiwa na namba zisizo zao. Hao siwezi kuwatoboa upya. Walitoa walichokuwa nacho, na mimi nikakiandika kwa jina la mwingine.

Nimetimiza. Zamu yako, dada mkubwa.

Mashavu

*

Tarehe 30 Machi

Bwana Mashavu,

Hujambo huko, wewe na familia. Huku sote tunaendelea. Ni mimi Fundi Viatu, na safari hii hakuna mabano kwa sababu dada yako hajui kama naandika.

Barua yako ilifika Alhamisi. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaiweka kwenye droo ya vifungo. Akafunika cherehani mapema. Ijumaa asubuhi duka halikufunguliwa. Tangu nimfahamu haijawahi kutokea, nikaenda kugonga. Akatoka amevaa gauni lake la kutokea, lenye mikono mirefu, akaninyooshea mkono. Nilidhani ananisalimu. Kumbe alikuwa anataka nimfunge kifungo cha mkononi, kimemshinda. Fundi cherehani, Bwana Mashavu. Nikakifunga, na wote wawili tukatazama barabara.

Nilikaa kwenye benchi la hospitali kwa muda wa saa tano. Alipotoka akasema, "Dawa wanazo. Na nimechelewa." Yote mawili kwa sauti ileile.

Amenikataza kumwandikia tena. Amesema barua ijayo ataandika mwenyewe, au haitaandikwa. Kwa hiyo usikie kwangu sasa, kwa sababu baada ya hapa sijui utasikia lini.

Jirani wa dada yako,
Fundi Viatu

*

Tarehe 6 Juni

Dada yangu,

Hujambo? Nauliza kama mtu anayegonga mlango akijua mwenyewe yumo. Huku wazima. Wifi yako amekuwa akinitangulia kwenye sanduku la barua, anadhani sijui. Ni mwezi wa tatu sasa hatujapata barua yako.

Nikupe habari za huku. Masikio yote yamepimwa upya. Breki ya pili imeyeyuka kama nilivyokuambia. Lakini ile ya kwanza imejitokeza wazi kuliko wakati wowote. Wasio nayo wamevimba, wenye nayo hawakuvimba. Daktari alianza kunisalimu mwezi uliopita. Anapita, ananiuliza, "Mzee, uso au mgongo?" Nami najibu, "Mgongo, Daktari." Ndiyo salamu yetu. Ukutani nimebandika karatasi kubwa, KULIA NI KWA PANYA. Mgeni mmoja aliisoma akaniuliza kama huwa tunawasikia wakilia.

Amebaki mmoja asiyefuata kanuni hiyo. Ni jike, namba tatu, masikio yote mawili yametobolewa, kwa hiyo hata mimi nisingeweza kumkosea. Alikuwa bado mchanga wakati ule nilipokagua daftari. Hana breki, tumempima mara tatu. Yuko wiki ya ishirini na hajavimba hata ukucha. Nilimuuliza Daktari kama ndiyo ile habari yake imerudi. Akasema panya mmoja si habari, ni swali. Lakini alirudi kumtazama mara mbili mchana ule, na mara ya pili alikuwa anaimba kwa pua.

Kuhusu dawa unayotumia, sijui ilipitia kwa panya gani, wala sitajidai ni wa kwangu. Wa kwangu bado wanauliza. Ila wapo waliopita mbele ya dawa yako, na mahali fulani alikuwepo mtu aliyeshika sikio sahihi. Nimemfikiria sana mtu huyo mwaka huu.

Kama huandiki kwa sababu umenikasirikia, andika nikusikie. Kama ni mkono haujakubali, kunja karatasi tupu uitie kwenye bahasha. Nitaisoma.

Mdogo wako,
Mashavu

*

Tarehe 17 Julai

Mashavu,

Hujambo wewe, hajambo wifi yangu? Mimi sijambo, na safari hii ni kweli.

Usiucheke mwandiko. Umenichukua asubuhi nne.

Joto limeisha mikononi. Sasa nakunja vidole kabla chai haijapoa. Mkono wa kushoto umenirudia wote. Wa kulia vidole viwili vimebaki vilivyo, na daktari amesema hivyo havitanyooka. Alianza kunieleza habari za breki. Nikamwambia hizo nazijua, mdogo wangu ana panya. Akanitazama kwa huruma, akamwita muuguzi.

Hakusema niache kushona. Miezi minane nilimwogopa kwa neno ambalo hakuwa nalo. Aliuliza tu kwa nini sikuja mapema. Zile wiki zako tano na miezi yangu minane ni ugonjwa mmoja, naona uko kwenye ukoo. Muulize daktari wako jeni yake iko wapi.

Aprili na Mei nilijifungia chumba cha nyuma. Fundi Viatu akigonga namwambia nina mafua. Akachoka kugonga, akasukuma mkasi chini ya mlango. Niliushika nikaona una kasoro, makali yamekaa kinyume. Nikamfungulia ili nimseme. Kumbe ni mkasi wa wanaotumia mkono wa kushoto, aliutafuta mji mzima. Nikamsema hivyohivyo.

Ndani ya kifurushi hiki kuna koti la kazi. Kola imepinda kidogo na kifungo cha pili nimekishona mara tatu. Usimpe fundi mwingine alirekebishe. Mkono mmoja una uzi mwekundu kwenye pindo. Huo ndio wa kulia, kwa mvaaji. Ukimshika panya, tazama kwanza uzi, halafu mtazame yeye kaelekea wapi.

Namba tatu mpe salamu zangu. Mwambie asivimbe, tunamtegemea.

Barua hii nimeiandika kwa kushoto. Kulia nimemaliza.

Dada yako